Upande wa Nyuma wa Fomu

Karani mmoja wa ofisi ya ardhi, jina lake Ambakisye, alikabidhiwa chumba kizima cha mafaili. Mkuu wake alimpa ufunguo na mashine ya kuskani, akamwagiza aingize kila karatasi kwenye kompyuta, mbele na nyuma, kisha karatasi zote zichomwe, kwa kuwa mchwa walikuwa wameshafika rafu ya tatu. Alipewa miezi mitatu. Hakuwekewa msimamizi, maana aliaminiwa.

Mwezi wa kwanza alifanya kama alivyoagizwa. Alinyoosha fomu zilizokunjamana, akang'oa pini zilizoshika kutu, akaskani mbele, akageuza, akaskani nyuma. Akaona kuwa upande wa nyuma karibu kila mara ni mtupu. Mamia ya karatasi yalipita bila hata nukta. Mgongo ulimuuma, vumbi likamkaa kifuani, na rafu zilikuwa kama hazipungui. Mwezi wa pili akaacha kugeuza. Hakuna aliyemwona. Alimaliza kabla ya siku zake, wenzake wakampigia makofi, na mafaili yakachomwa uani mchana kweupe, yeye mwenyewe akiyasukumia motoni kwa reki.

Mwaka uliofuata alikuja mjane mmoja, Tusajigwe. Shemeji yake alikuwa amemwambia ahame shambani, kwamba shamba ni la ukoo. Mama yule hakuwa na wasiwasi. Mumewe alipoanza kuugua alikwenda ofisini hapo hapo, akaandika nyuma ya fomu yake kwamba shamba libaki kwa mkewe, na mashahidi wawili wakaweka dole gumba. Mashahidi hao walishakufa, lakini karatasi ilikuwa mikononi mwa serikali, na hilo lilimtosha.

Ambakisye akalifungua faili kwenye kompyuta. Jina la marehemu lilionekana vizuri, na sahihi, na mhuri. Mama akaliangalia jina lile kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Sasa igeuze, mwanangu."

Ambakisye hakuikumbuka fomu ile, zilikuwa maelfu. Alikumbuka rafu ilikotoka, na kwamba alikuwa ameifikia mwezi wa pili. Akamwambia mama asubiri wito wa baraza, ambako shauri lake na shemeji lingesikilizwa.

Siku ya baraza la ardhi, mwenyekiti alimuuliza jambo moja tu: kama nyuma ya fomu ile kulikuwa na maandishi. Kweli ilikuwa fupi. Sijui, sikuigeuza. Maneno hayo yangemponza kazini, na yangempa mjane nafasi ya kusikilizwa. Tusajigwe alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, akimtazama kama mtu anayemtazama shahidi wake.

"Hapakuwa na kitu," akasema Ambakisye.

Tusajigwe aliondoka shambani kabla ya kuvuna, akaliacha kaburi la mumewe katikati ya mahindi ya watu wengine. Alihamia kwa dada yake, akalala jikoni, na mwaka haukuisha akafa. Habari za msiba zilimkuta Ambakisye katika chumba cha pili cha mafaili, alichopewa kwa sababu ya sifa za kile cha kwanza. Humo anageuza kila karatasi, hata zilizo tupu, na anaziangalia sana kabla ya kuziweka chini. Wenzake humsifu kwa uangalifu. Hakuna aliyepata kumuuliza alianza lini.

Ndugu zangu, kuacha kugeuza karatasi ni kosa la mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka husamehewa. Lakini mbele ya baraza Ambakisye hakuwa amechoka. Ni nani kati yenu, akiwa amesimama pale aliposimama yeye, angesema, "Sikuigeuza"?