Chatu Wawili wa Bi Mwantumu

Soma polepole. Ukimaliza, mpelekee yule unayemjua ambaye amesimama peke yake katika jambo la haki.

Katika mji wa Mitangani, mji wa mawe ulio juu ya kilima, aliishi mwanamke aitwaye Mwantumu, mtunza ghala la mtama. Ghala lake lilikuwa na sifa moja: panya hawakukanyaga. Harufu ya chatu wake wawili ilitosha kuwahamisha.

Chatu hao hawakuwa wa nchi ile. Msafiri mmoja wa visiwa vya mbali aliugua mjini, Mwantumu akamuuguza, na alipopona akamwachia kapu dogo. Ndani mlikuwa na vichatu viwili, vyembamba kama kidole, vya rangi ya zeituni mbichi.

"Hawana sumu," msafiri alimwambia. "Ila wana njaa yao. Ukiijua njaa yao, hutagombana nao maisha yako yote."

Mwantumu akaijua. Aliwaita Kimya na Taratibu. Walipokuwa wadogo aliwapa kitoto cha panya kila juma. Walipokua kidogo, panya mzima kila baada ya majuma mawili. Walipofika urefu wa watu wawili waliolala kichwa kwa miguu, aliwapa sungura au panya buku kadhaa, mara moja kwa mwezi. Hakuwapa kitu kilicho hai hata siku moja, maana panya aliye hai huuma, na chatu akiumwa huingiwa na woga wa chakula chake. Alikishika kilichokwisha kufa kwa koleo refu, akakitanguliza kichwa, akangoja. Wakishameza hakuwagusa kwa siku tatu. Aliwawekea karai kubwa la maji ya kujilaza, na siku za baridi aliwapashia jiwe.

Mwanzoni majirani walipita mbali na ghala lile. Miaka sita baadaye walikuwa wakipimiwa mtama huku nyoka wamejikunja juu ya magunia, na hakuna aliyekatiza mazungumzo.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba. Sultani Daruweshi akakifunga kisima cha mji kwa mnyororo ili maji yote yaende kwenye bustani zake. Watu wakanung'unika majumbani. Mmoja tu ndiye aliyesema hadharani, naye alikuwa Mbaruku, mchimba visima. Alisimama sokoni akasema kisima kile kilichimbwa na babu zao, na jasho la mtu halifungwi mnyororo.

Kabla ya adhuhuri alikuwa gerezani.

Sultani hakutaka kesi yenye mashahidi, kwa sababu mji mzima ungeshuhudia upande wa Mbaruku. Akawaza siku mbili. Siku ya tatu askari walikwenda ghalani na magunia na kamba, wakawachukua chatu wote wawili, wakawatia katika shimo refu lililo ndani ya ngome. Kisha Mwantumu akaitwa barazani.

"Watakaa na njaa miezi mitatu," Sultani alisema. "Halafu nitawateremshia wale wenye midomo mirefu. Mwenye hatia ataliwa, asiye na hatia atapona. Atakayehukumu ni nyoka, si mimi."

"Nyoka hahukumu, Maulana," Mwantumu alijibu. "Nyoka hula tu."

"Ndiyo maana hutawalisha."

"Nitawalisha."

Watu wa baraza wakainamisha macho. Karani aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

"Unajua unasema na nani?" Sultani akamuuliza.

"Najua, Maulana. Wale nimewalea mimi. Sikuwalea wawe kaburi la mtu. Kama utanizuia, utanizuia kwa mlango na mikuki. Kwa hiari yangu, hapana."

Kila mtu alingoja kuona atafanywa nini. Sultani akatabasamu.

"Mwacheni aende," alisema. "Na aje na kapu lake kila atakapo, mlangoni arudishwe. Watu wakimwona anarudi nalo limejaa, watajua neno la nani ndilo linalosimama."

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, Mwantumu alikatiza soko na kapu la panya aliowatega nyumba kwa nyumba. Alipofika kwenye mlango wa ngome, mkuu wa walinzi, mtu mzima aitwaye Farjala, alimkingia mkuki.

"Huruhusiwi, mama."

"Najua. Nimekuja ili kila mtu ajue kwamba anayewanyima si mimi."

Hapo alimtoa panya mmoja kapuni, akamwinua kwa mkia watu wote wamwone. Wengine walicheka. Wengine walijifanya wanatazama ndizi.

Kisha, kwa kuwa wasiwasi ulikuwa ukimla, alimweleza Farjala mambo ambayo hakuulizwa. Maji yabadilishwe kila siku mbili. Mtu asiwakaribie wakati wanapojivua gamba, maana siku hizo macho yao huwa na ukungu na hawaoni vizuri. Chakula hutangulizwa kichwa, kwa koleo refu, bila papara. Farjala alitazama mbele kama ukuta.

"Unasikia ninayosema, baba?"

"Nimewekwa hapa nizuie, mama. Sikuwekwa nisikie."

Mwantumu alirudi nyumbani na kapu lake. Ijumaa ya tano alijifungia ndani akalia kwa hasira. Dada yake mkubwa, Bi Saada, alimfuata.

"Mdogo wangu, acha sasa. Umeshawafanya watu wakucheke, na nyoka bado wana njaa. Umepata nini?"

"Sijapata kitu, dada."

"Basi Ijumaa ijayo utakaa nyumbani?"

"Ijumaa ijayo nitakwenda," alisema Mwantumu. "Nikikaa nyumbani, njaa ile itakuwa na mkono wangu ndani yake."

Alikwenda. Alikwenda Ijumaa kumi na mbili bila kukosa hata moja, hata ile aliyokuwa na homa.

Miezi mitatu ilipotimia, ngoma ya mbiu ikapigwa asubuhi na mji wote ukaitwa ngomeni. Watu walijaa kuzunguka shimo, jua likiwa utosini. Sultani alikaa chini ya mwavuli. Mbaruku aliletwa amefungwa mikono, mwembamba kuliko alivyoingia, lakini shingo yake haikuinama. Mkewe alikuwa mbele ya umati, amejifunika uso kwa kanga.

Mwantumu alipenya watu mpaka kwenye ukingo wa shimo.

"Maulana," alisema, "kama hii ni hukumu, nianze mimi. Yeye alisema sokoni, wewe hukuwapo. Mimi nilikukaidi mbele ya uso wako. Nina hatia kumshinda."

"Unataraji watakutambua?" Sultani akamuuliza.

"Hapana. Chatu hamjui mama. Akiwa na njaa, mimi na sungura ni mamoja."

"Na bado utashuka?"

"Nitashuka. Ukitaka kumla mtu wa mji huu, uanze na aliyekuambia hapana."

Sultani akaashiria ngazi iteremshwe.

Mwantumu alishuka akishika ngazi kwa mikono miwili. Nusura ateleze kwenye kipago cha tatu cha ngazi. Alimkumbuka Mungu wake. Alijua yote ambayo wale wa juu hawakuyajua: kwamba chatu hupiga kabla macho hayajaona, na kwamba pingili zake zikishakaza, pumzi ikitoka hairudi. Alifika chini, akageuka taratibu, mgongo ukutani.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa karai la maji. Yalikuwa safi, hayakuwa na jani wala vumbi.

Kisha akamwona Taratibu, amejilaza kwenye jua. Chatu wa miezi mitatu ya njaa hubonyea mbavuni, uti wa mgongo ukachomoza kama ukingo wa paa. Huyu ngozi yake iling'aa kama iliyopakwa mafuta, na katikati ya mwili alikuwa na uvimbe mkubwa wa mlo ambao haujasagika. Kimya alijivuta kutoka upande wa pili, mzito kama gogo, akapita juu ya mguu wa Mwantumu bila kuuonja kwa ulimi, akaingia kwenye karai lile.

Mwantumu alikaa chini papo hapo, mchangani, akashika kichwa. Juu, watu walidhani amekwisha kupigwa.

Alipoinua uso, sauti yake ilifika hadi mwavulini.

"Maulana, ahirisha hukumu yako. Mahakimu wameshiba."

Sultani akainuka.

"Nani aliyewalisha?"

Farjala akatoka kwenye mstari wa walinzi.

"Mimi," alisema. "Tangu Ijumaa ya tatu. Nilichoka kumwona mwanamke mmoja akifanya peke yake jambo ambalo sote tulijua ni la haki."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu, Maulana."

"Si kweli," alisema mpishi wa ngome kutoka nyuma, mwanamke mnene mwenye upawa bado mkononi. Farjala mwenyewe aligeuka kumtazama. "Mimi nilikuwa nawatupia panya kutoka dirisha la jikoni. Sikumwambia mtu."

Karani wa baraza akakohoa. "Sungura wa mwezi uliopita," alisema kwa sauti ndogo, "alikuwa wa kwangu."

Mlinzi mwingine akainua mkono. Halafu fundi aliyeteremsha ngazi. Halafu mfagizi wa ua, mzee ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema. Kila mmoja alikuwa amelisha kwa siri, akidhani ni yeye tu, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Chini shimoni, Mwantumu alikuwa amemshika Taratibu tumbo.

"Mmewavimbisha," alisema, machozi yakimtoka. "Wamelishwa mara sita ya haki yao. Hawatakula tena mpaka masika."

Mtu mmoja akacheka, kisha umati mzima ukacheka. Sultani alisikia kicheko hicho akafahamu kwamba shimo lake limekufa.

"Watupeni humo wote," aliamuru. "Wote waliosema."

Farjala aliuegemeza mkuki wake ukutani. Walinzi wenzake wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Hapakuwa na matusi wala fujo. Hapakuwa tu na mtu wa kutupa.

Sultani alisimama kidogo chini ya mwavuli wake, akangoja mkono uinuke. Haukuinuka hata mmoja. Akaondoka kwa mlango wa ndani, na aliyemshikia mwavuli hakumfuata.

Mbaruku alifunguliwa. Juma lililofuata kesi yake ilisikilizwa na kadhi mbele ya watu, mashahidi wakawa wengi mpaka kadhi akaomba wengine waende nyumbani. Mnyororo wa kisimani ulikatwa siku hiyohiyo. Daruweshi alibaki kwenye kiti chake miaka miwili zaidi, lakini tangu siku ile kila alipotoa amri alitazama kwanza nyuso za waliosimama mbele yake.

Na chatu? Walikuwa wazito mno kwa mtu mmoja. Mbaruku alishuka shimoni mwenyewe, mikono yake bado ina alama za kamba, akamshika Kimya kwenye kiuno. Farjala alishika kichwa, mpishi akashika mkia. Waliwapitisha sokoni katikati, mchana kweupe, na watu waliokuwa wakitazama ndizi wakaacha ndizi wakaja kubeba.

Funzo: Amri ya dhuluma haina mikono yake yenyewe, huazima ya kwetu. Inyime mkono wako hadharani, hata kama unachekwa na huoni matokeo, kwa sababu hujui ni wangapi waliokuona, wakairudisha mikono yao kimyakimya.