Tai wa Bwana Lugembe

Bwana Lugembe, mwenye mgodi wa dhahabu, aliamuru mninga wenye kiota cha tai ukatwe katika msitu wa jirani, apate matimba ya kuzuia shimo lisiporomoke. Nyamizi, mama lishe wa pale mgodini, alimsihi asubiri makinda waruke. Akafukuzwa kama kuku.

Kesho yake Lugembe alimkuta chini ya mninga, anaosha kinyesi cha tai kwenye karai.

“Unatafuta nini humo?”

“Uchafu tu, bosi. Wewe kata mti wako.”

Lugembe akampokonya karai. Chini kabisa zilimeremeta chembe mbili za dhahabu.

“Sema kweli, mama!”

Nyamizi akashusha pumzi. “Kuku wakidonoa mchanga wa mgodini, si tunakuta dhahabu kwenye firigisi? Basi na kanga hudonoa. Na tai anakula nini, bosi, kama si kanga?”

“Shoka chini!” Lugembe akanguruma. “Atakayegusa msitu huu, atakayemshtua tai wangu, atanitambua!” Akaweka walinzi wawili, akakunja suruali, akachuchumaa kuosha kinyesi mwenyewe.

Mchana mlinzi mmoja alifuata ugali jikoni, akashangaa.

“Mama Nyamizi, hereni yako nyingine iko wapi?”

“Tai kaimeza,” akajibu Nyamizi, huku akipangusa vumbi la njano kwenye tupa yake ya kunolea visu.