Posa ya Kina Tolcarn

Jina moja si tumbo moja. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye posa, mkataka kujua ilikotoka. Ilianzia hapa hapa Magombani, mwaka ambao kanisa liliezekwa bati, siku Yusto Tolcarn alipokwenda kumposea mwanawe Habili kwa Eliezeri Tolcarn.

Tolcarn ni jina la Kiingereza. Hata huko kwao lilikuwa adimu, la familia chache za bonde moja. Familia hizo zilichangia chakula cha watoto waliookolewa kutoka utumwani, na misheni ikawabatiza watoto hao kwa jina la wachangiaji. Ndiyo maana liko Magombani na vijiji viwili vya jirani, na pwani kwingine hulikuti.

Wajukuu walilitumia vingine. Wazee wao walifika bila koo, basi jina likafanywa ukoo, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Eliezeri alikataa posa. Alisema Habili ni ndugu wa binti yake Raheli, na kama wakishikilia, Raheli hatakuwa na kwao tena. Raheli alikuwa jikoni, akisikia yote. Yeye alikwisha kumkubali Habili.

Hata hivyo mgeni haagwi na njaa. Ukaletwa wali na kanga wa nazi. Yusto alikula wali mtupu.

"Ndugu yangu," Eliezeri akamwambia, "hasira zako umemhamishia kanga?"

"Sina hasira. Kwetu kanga haliwi. Babu alikuja na mwiko huo kutoka bara."

Bi Salome, mama yake Eliezeri, alikuwa amekaa mkekani tangu mwanzo.

"Eliezeri, baba yako alikuwa akitega nini kila kiangazi?"

"Kanga, mama."

"Akiwauza?"

"Tukiwala."

"Ukoo mmoja, mwiko mmoja. Huyu hagusi ulichokuzwa nacho. Undugu wenu uko wapi?"

"Kwenye jina."

"Jina tulipewa na waliotulisha. Tumbo hawakutupa."

Eliezeri aliitazama sahani ya mgeni. Kisha akageukia jikoni.

"Raheli, mletee mkwe wangu maharage."

Jumapili iliyofuata ndoa ilitangazwa kanisani. Mzee mmoja alisimama kupinga, akisema bwana na bibi wote ni kina Tolcarn. Eliezeri alimjibu bila kuinuka kwenye benchi: jina moja si tumbo moja.