Mwanga Juu ya Mbuga

"Mwanga huulizwa upande, hauulizwi jina."

Methali hii ilianza hivi, na kwa kuwa jana mmeisikia kwa mama yenu mdogo mkadhani anawanyamazisha tu, leo nitawaeleza. Najua mlichokuwa mkigombania. Taa zilipita juu ya paa letu zimefuatana, na kabla hazijapotea kila mmoja alikwisha kuzipa jina: huyu satelaiti, yule ndege, na mwingine alikwisha kumwandikia rafiki yake kwamba dunia inaisha. Nikauliza zimetokea wapi. Hakuna aliyejua. Watu sita, macho kumi na mawili! Ndipo mama yenu mdogo akasema alivyosema, nanyi mkanijia kuuliza msemo huo umetoka wapi. Basi ulianza na mama yangu, siku alizopotea akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni mimi, Milembe.

Nilikuwa na miezi saba. Kwa hiyo mimi ndiye shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote, na sikuona chochote kwa sababu nilikuwa nimelala. Ninayowasimulia niliyapata kwa mama, Kalunde, na kwa baba, Mihambo. Waliyarudia mara nyingi hata sisi watoto wao tukawa tunawasahihisha.

Kijiji chetu kilikuwa ndani ya miombo ya Sikonge. Mvua zikianza kule, uyoga huota kwenye vichuguu, na wanawake huenda kuutafuta alfajiri kabla jua halijaupata. Kazi yenyewe tamu, lakini ina hatari yake, maana mwenda uyoga haangalii juu. Anaangalia chini, anatoka kichuguu hiki anakwenda kile, na akija kuinua kichwa hajui ametokea wapi.

Siku hiyo mwenzake mama alikuwa na homa, akaenda peke yake. Alimwambia baba anakwenda upande wa mtoni. Alipofika akakuta wengine wamekwisha kupita, uyoga umechumwa, akageukia kusini bila kumwambia mtu. Kusini kulikuwa na mbuga, uwanda mpana wa udongo mweusi. Kiangazi ilikuwa nyasi tupu, na mvua zikikolea ilikuwa ziwa. Wakati ule ilikuwa bado kavu, na vichuguu vilikuwa vimesimama humo vikubwa kama nyumba. Cha kwanza kilikuwa na uyoga. Cha pili kilikuwa na uyoga zaidi. Alipofika cha saba kapu limejaa, wingu lilikuwa limekwisha kumfikia.

Mvua ikapiga, maji yakaja kwa nyuma, kutoka alikopita. Mama akapanda kichuguu kikubwa kuliko vyote, mimi nikiwa kwenye mbeleko, akangoja. Mvua ilipokatika alikuwa amezungukwa na maji pande zote. Hakujua kuogelea. Aliingiza mguu kupima kina, akauchomoa haraka.

Kijijini walimtafuta jioni ile ile, wakamtafuta kutwa ya pili. Walitafuta mtoni, kwa sababu ndiko alikosema. Walipiga kelele, walichokoa madimbwi kwa fito, hawakupata hata alama ya kidole cha mguu. Jioni ya pili watu wakaanza kupunguza sauti baba alipopita. Baba aliniambia kwamba hicho ndicho kilichomtisha kuliko yote, zile sauti kupungua.

Usiku huo watu wawili wakaona mwanga.

Wa kwanza alikuwa Nyanzobe, mwanamke mfinyanzi. Alitoka nje kufunika vyungu vyake vibichi, maana manyunyu yalikuwa yanaanza. Wa pili alikuwa Shija, mzee aliyekuwa askari katika vita vya Burma, aliyekuwa amelala kwenye dungu shambani akilinda mbegu za mahindi zisifukuliwe na nguruwe mwitu. Kila mmoja kwake, bila kujua habari za mwenzake, aliona mwanga mwekundu umesimama hewani juu ya miti. Haukutembea wala kumetameta. Ulikaa kwa muda wa mtu kula ugali wake akamaliza, kisha ukazimika.

Asubuhi ya tatu wote wakakutana kwa mwanangwa, ndivyo alivyoitwa mkuu wa kijiji siku hizo. Nyanzobe akasema kile kilikuwa mizimu, na mizimu ikiwasha moto wake hakuna wa kutia mguu msituni mpaka inyweshwe pombe. Pombe yenyewe huiva kwa siku saba. Shija akasema mizimu haina baruti, ile ilikuwa fataki ya jeshi, ameziona nyingi. Kwa maoni yake msituni kulikuwa na wageni wenye silaha, na watu wakae ndani mpaka askari waitwe kutoka bomani, mwendo wa siku mbili kwenda na mbili kurudi.

Mnaona mambo hayo? Hawakupatana hata neno moja, lakini majina yote mawili yalisema tukae nyumbani. Nusu ya watu wakashika upande wa mfinyanzi, nusu wakashika wa askari, na jua likapanda. Baba alisimama mara mbili akasema, "Jamani, mke wangu ana siku ya tatu. Mtoto ana siku ya tatu." Mara zote mbili hakuna aliyemsikia.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja aitwaye Kapela, mrina asali. Alikuwa mfupi, mkali wa maneno, ananuka moshi, na watu hawakumpenda sana ila siku ya kununua asali. Alikuwa ametoka kwenye mizinga yake asubuhi ile ile, kamba yake ya magome bado iko begani. Alisimama nyuma akasikiliza, kisha akapenya mpaka mbele.

"Mama Nyanzobe," akasema, "ulisimama wapi?"

"Nimesema ni mizimu, Kapela."

"Nimesikia. Nauliza miguu yako ilikuwa wapi."

Watu wakacheka. Nyanzobe akakasirika. "Ilikuwa kwenye vyungu vyangu! Ulitaka iwe wapi?"

"Basi twende ukasimame hapo hapo."

Wakaenda, na kijiji kizima kikafuata kwa sababu kilidhani kuna kichekesho. Nyanzobe akasimama kati ya vyungu, akanuna, akanyoosha mkono. Mwanga ulikuwa pale, akasema, kati ya kihenge cha mahindi na ule mninga uliokatika kichwa. Kapela akapigilia kijiti penye miguu yake na kingine mbele, pale mkono unapoelekea, akachungulia kwa jicho moja. Kisha akasema, "Na wewe, afande, tupandie dungu lako."

Shija akapanda, mwendo wa kijeshi, akaonyesha kushoto kidogo ya kilima. Kapela akapigilia vijiti vyake tena.

Hapo watu wakapiga kelele. "Mnaona! Hata upande hawapatani! Mmoja kusini, mwingine karibu na mashariki! Wameona vitu viwili!"

"Wangeonyesha sawasawa ndipo ningesema waongo," Kapela akajibu. "Mmoja yuko huku kijijini, mwingine yuko kule shambani. Mimi nikitafuta nyuki wa porini nafanyaje? Nakaa kwenye maji wanapokunywa. Nyuki akishiba anaruka moja kwa moja kwake, nami naangalia anakoelekea. Kisha nakwenda kwenye maji mengine, naangalia tena. Njia mbili zinapokutana ndipo penye mzinga. Simwulizi nyuki ukoo wake."

Akainama, akachota majivu ya moto wa Shija chini ya dungu, akamwaga chini mstari mmoja wa Nyanzobe na mwingine wa askari. Alikuwa ameutembea msitu ule miaka thelathini, kila kilima alikijua kilipo. Mistari ikakutana. Baba ndiye aliyetambua kwanza.

"Ni mbugani," akasema. "Katikati ya mbuga."

Mwanangwa akatikisa kichwa. "Mbuga imejaa maji tangu juzi. Nani atakwenda kule?"

"Ndiyo maana hatukutafuta kule," Kapela akasema.

"Na kama kweli ni mizimu?" mtu akauliza.

"Mizimu au fataki, ilisimama pale pale. Tukifika tutauliza."

Wakaondoka saa ile ile. Alikwenda baba, alikwenda Kapela na kamba yake, alikwenda Shija na mkuki kwa ajili ya maadui zake. Katikati ya njia wakasikia mtu anahema nyuma yao, kumbe Nyanzobe, na kibuyu cha uji mkononi. Akasema kama ni mizimu, angalau yeye inamfahamu.

Mama alikuwa amesimama. Usiku wote maji yalikuwa yanakimega kichuguu, na sehemu iliyobaki haikuzidi kitanda kimoja. Alikuwa ananishika kwa mikono yote miwili kwa sababu hakukuwa tena na mahali pakavu pa kuniweka. Kapela akafunga kamba kwenye mti, ile kamba anayopandishia mizinga, baba akaifunga kiunoni akaingia. Maji yalimfika shingoni. Alinichukua mimi kwanza, akiniinua juu ya kichwa chake, nami, kwa heshima yenu, nikamkojolea. Akarudi akamchukua mama.

Walipofika nchi kavu mama akanywa uji wa Nyanzobe, akapumua, kisha akasema, "Asanteni kwa taa. Bila ile taa yenu mtoto angekwenda."

"Taa gani, Mama Milembe?" baba akauliza.

"Taa ya jana usiku. Niliwaita mpaka sauti ikakauka. Nilidhani mmepanda mtini na mienge. Nilikuwa nimesinzia, na Milembe nimemlaza pembeni. Mwanga uliponiangukia machoni nikaamka, nikaona udongo chini yake umepasuka. Nikamvuta. Kile kipande kikaanguka majini."

Baba akamweleza polepole kwamba hakuna mtu aliyekuja usiku, kwamba hawakujua hata kama yuko huko. Mama akawatazama mmoja mmoja akidhani wanamtania. Kisha akatazama juu ya mbuga, na mchana ule hapakuwa na kitu ila anga. Akaanza kulia, na Shija, aliyepigana Burma, akageuka akashughulika na mkuki wake.

Siku ya saba baada ya hapo baba akafanya karamu ya shukrani. Pombe ilikuwapo, maana Nyanzobe alikuwa amekwisha kuiloweka kwa ajili ya mizimu, akasema si vizuri iharibike. Watu wakala, wakanywa, wakaimba. Na mnafikiri Nyanzobe na Shija walifanya nini? Wakaanza upya! Huyu anasema sasa imethibitika ni mizimu, imemwokoa mjukuu wao. Yule anasema ni fataki, askari wema nao wapo. Kila mmoja anataka mama aseme nani alisema kweli.

Mama akainuka, mimi nikiwa mgongoni. Akapiga magoti mbele ya Nyanzobe akampa unga kapu moja, akapiga magoti mbele ya Shija akampa unga kapu moja, sawasawa.

"Wazee wangu," akasema, "ulikuwa nini, mimi niliyekaa chini yake sijui. Mngebaki mnagombea jina lake, leo mngekuwa mnatulilia. Nawashukuru kwa kuwa mlitoka nje mkatazama juu, na mlipoulizwa mkanyoosha mkono. Mwanga huulizwa upande, hauulizwi jina."

Kapela akacheka mpaka meno yakaonekana yote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kuanzia siku ile kijiji kikalishika neno hilo. Mtu akiletewa msaada akaanza kuuchunguza umetoka kwa nani na kwa nia gani, badala ya kuushika akaokoka, ataambiwa hivyo. Na shahidi akikazana kutuambia alichofikiri badala ya alichokiona, naye ataambiwa hivyo hivyo.

Mwanga ule haukurudi tena, wala haukujulikana. Mjomba wenu aliyesoma aliniambia huenda ilikuwa gesi ya mbugani inayojiwasha yenyewe. Nikamwambia vizuri, nifikishie salamu zangu kwa gesi. Sikumdhihaki. Huenda ni kweli.

Lakini nilipokuwa msichana jambo hili lilinisumbua. Kapela nilimshukuru, Nyanzobe nilimchotea maji mpaka alipofariki, Shija nilimpelekea mahindi ya kuchoma kila msimu. Deni kubwa kuliko yote nilikuwa sijui nimpelekee nani. Siku moja nikamwuliza mama, "Mimi nimshukuru nani kwa ule mwanga?"

Alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Akanionyesha kwa kidevu, kule kusini, penye mbuga.

"Geuka kule," akasema, "useme asante."

Miaka mingi imepita, wajukuu zangu, na sijakaa mahali pamoja. Nimeolewa, nimehama, nimezaa wazazi wenu. Popote nilipolala, jambo la kwanza nililotaka kujua ni mbuga yetu iko upande gani. Kila mvua zikianza, asubuhi, kabla sijawasha moto, natoka nje, nageuka huko, nasema asante. Mwanga huulizwa upande, hauulizwi jina.