Bibi Larishka na Jini wa Maji ya Kusha

Paliondokea Sultani Toghril, mtawala wa Kusha, mji ulio ukingoni mwa jangwa kuu la mchanga, na mji huo haukuwa na kisima wala mvua, ukinyweshwa na jini aliyefungwa na wahenga kwa pete ya shaba. Kila mwaka theluji ya milimani ilipoyeyuka aliamriwa afungue maji, na amri hiyo haikumfikia masikioni ila kwa lugha ya kale ya Kusha, tena itoke kwa mtu aliyeinyonya pamoja na maziwa ya mama. Na mtu huyo, enyi waungwana, alikuwa amebaki mmoja tu: Bibi Larishka, ajuza mfuma mazulia.

Mnauliza wengine walikwenda wapi? Hawakwenda popote! Walikuwapo sokoni, wamenenepa, wanasema lugha ya watawala. Hata Larishka mwenyewe alimlea binti yake kwa lugha ya sokoni, asije akachekwa. Binti akafa akaacha mtoto, Arenka, naye ndiye aliyeposwa na mwana wa Sultani.

Sultani akamwita ajuza, akasema, "Mama, umri umekwenda. Mfundishe mkwe wangu, nami nitakujaza dhahabu."

"Ewe Maulana, nimemfundisha miaka mitatu. Anaisema vizuri, lakini jini hamsikii. Ilimpasa aipate titini, nami ndiye niliyemnyima mamaye. Ole wangu!"

Ajuza akaenda kwake, akaisugua pete iliyokuwa kidoleni mwake. Jini akatokea, "Labeka, bibi yangu!"

"Wahenga wetu walitoka wapi?"

"Magharibi ya mbali, kwa magari ya farasi, wakawaacha ndugu zao huko."

"Nipeleke. Huenda yuko mama anayenyonyesha kwa lugha yetu."

Jini akambeba, akavuka majangwa na milima, akamtua kwenye mbuga ya majani marefu. Hapo mtoto akamwita mamaye, na neno lile lilikuwa karibu sawa na la Larishka, naye ajuza akaangua kilio cha furaha na kumkumbatia mwanamke yule, akamwambia yote ya moyoni. Mwanamke akasikiliza mpaka mwisho, akamtazama mumewe, akatikisa kichwa. Kisha akampa bakuli la maziwa, kwa huruma.

"Ndugu zako ndio hao," akasema jini, "ila mliachana zamani mno."

Ajuza akarejea Kusha siku ya harusi ya Arenka, zumari zinalia na meza zimejaa. Akamwinamia bibi arusi, akambariki kwa lugha ya kale. Arenka akanong'ona, "Bibi, leo usiiseme hiyo. Wageni wanatucheka."

Larishka akanyamaza, na siku ya saba akafa.

Theluji ilipoyeyuka, Arenka akasimama kwenye mfereji mkavu na pete kidoleni, akaamuru, akaamuru tena, hata sauti ikakauka. Na kutoka mlimani jini akaita, watu wakasema ni upepo, lakini Arenka alielewa kila neno: "Niamuru, Bibi Larishka! Maji yamejaa mikononi mwangu, nimechoka kuyashika!"

"Nakuamuru! Mimi hapa! Mjukuu wake!"

"Bibi Larishka, mbona umenyamaza?"

Mwaka wa tatu watu wa Kusha wakapakia ngamia wakahama, na Arenka, mke wa mwana wa Sultani, mwenye dhahabu isiyonyweka, akawa wa mwisho kutoka langoni, akimsikia bado.

Hekaya yangu imekaukia hapo. Mwenye mtoto na ambembeleze kwa lugha ya mamaye, wacheke watakaocheka.