Koki ya Gaudensi Mwalongo

Gaudensi Mwalongo alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya tarumbeta na mama mgonjwa. Kigango chao kilikuwa na nyumba ya maiti, na ndani yake palikuwa na mashine kuukuu ya baridi iliyotoka kwenye kiwanda cha nyama kilichofungwa. Ilikuwa mashine hasa. Katika siku zake njema, inzi aliyeingia mle alitoka anakohoa, na watu wa vigango vya jirani, Mungu awasamehe, walitamani kufia upande ule.

Sasa sikilizeni jinsi mashine ile ilivyoishi. Baridi haizaliwi bure. Joto lote linaloondolewa chumbani hukusanyika katika pipa la chuma nyuma ya mashine, mafundi huliita kondensa, na pipa hilo sharti lipozwe kwa maji, la sivyo mashine hufa. Maji yalishuka kutoka kwenye tangi la mlimani, na tangi lilijazwa na chemchemi. Kati ya tangi na pipa ilikaa koki. Si koki ya kufungua kwa mkono. Hii husikia yenyewe: mashine ikielemewa na shinikizo likapanda, inafunguka, mashine ikipumua, inajifunga. Kazi yake ni kutoa maji kwa kadiri ya dhiki, basi.

Koki ya zamani ilipoharibika, Gaudensi alisimama baada ya misa akasema, "Niachieni mimi." Na alikuwa na sababu. Mama yake, Bibi Onolina, alikuwa kitandani, mwepesi kama ganda la hindi, na haja yake duniani ilikuwa imebaki moja. Mwanawe mdogo, Nolasco, alikuwa amemtukana mbele ya watu, akaondoka kwa hasira, akapotelea migodini. Kwa watu wale, mtoto aliyeachana na mzazi kwa ubaya hana budi kumtazama uso na kumwomba radhi kabla jeneza halijafungwa. Akikosa, tusi lile humkaa maisha yake yote, wala hakuna padre wala mganga wa kulitoa.

"Gaude," mama alisema, "nikifa msinizike mpaka Nolasco anione uso."

"Lala, mama. Nitakuwekea baridi mpaka malaika watafute sweta."

Mama akacheka, kikohozi kikamshika. Gaudensi akaenda mjini.

Dukani alikuta mama muuzaji anatafuna muhogo. Mama huyo akamuuliza yale ambayo tajiri wake alimwagiza kumuuliza kila mteja: mashine inatoa joto kiasi gani? Maji ya kiangazi yakifika pale chini yana uvuguvugu gani? Tangi likipungua, yanasukuma kwa nguvu gani? Gaudensi hakujua hata moja. Nyuma yake walikuwapo wateja wengine, na aibu ya mtu mkubwa haingoji foleni.

"Bomba letu ni la inchi mbili, mama. Nipe ya inchi mbili."

"Baba, koki inaweza kuwa ndogo kuliko bomba. Wengi wanachukua hii hapa." Akaweka juu ya meza kidude kama ngumi ya mtoto.

"Umeona wapi chifu amevaa kofia ya mjukuu?"

Wateja wakacheka. Muuzaji akamfungia ya inchi mbili, akarudi kwenye muhogo wake.

Gaudensi alirudi ameipakata, shaba tupu, kubwa kama kichwa cha ndama, na kila aliyemsalimia njiani alionyeshwa kwanza ndipo akaitikiwa salamu.

Ikafungwa mahali pake. Na koki iliyozidi ukubwa ina tabia ya mtu aliyezidi ukubwa: haijui kutoa kidogo. Mashine iliomba kikombe. Koki ikafunguka upana wa unywele, ikamwaga ndoo. Pipa likapoa ghafla, shinikizo likaanguka, koki ikajibamiza. Joto likarudi, koki ikafunguka, ikajibamiza tena. Mabomba yakagonga, ndu! ndu! ndu! mpaka vioo vya sakristia vikaitikia. Wanawake waliokuwa wakitwanga mahindi kilimani wakafuata mdundo wake, na kuna ng'ombe aliyekauka maziwa kwa woga.

Padre akauliza kulikoni.

"Hiyo ni nguvu, Padre," Gaudensi akamjibu. "Koki legelege huwezi kuisikia."

Watu wakaamini, maana kishindo hakijawahi kukosa waumini. Hata Bibi Onolina alipoisikia kitandani mwake alisema, "Mwanangu huyo," akafumba macho ametulia.

Kumbe kila kishindo kilikuwa kinaitafuna koki kwa ndani, pale inapokalia ili kufunga. Masika yakapita. Mdundo ukapungua, kisha ukakoma kabisa. Gaudensi akatangaza kwamba imezoea kazi. Haikuwa imezoea kitu. Ilikuwa haiwezi tena kujifunga. Mashine ifanye kazi, mashine ilale, maji yalipita tu yakaishia mferejini, na nyuma ya nyumba ya maiti magugu yakanenepa hata mbuzi wakagombana. Gaudensi aliyaona magugu yale. Alisema ni baraka.

Kiangazi kikaja na chemchemi ikawa uzi. Katika kiangazi hicho Bibi Onolina akafa.

Wakamlaza kwenye baridi. Nolasco akapelekewa habari, naye akajibu yuko njiani, na njia kutoka migodini ni ndefu. Gaudensi aliweka kiganja kwenye mlango wa chumba, akahisi ubaridi, akawaambia waombolezaji, "Mama yuko salama."

Mchana, jua likiwa limesimama utosini, mashine ikazimika.

Wakaiwasha. Ikanguruma kidogo, joto likapanda pipani, ikajizima yenyewe isipasuke. Koki ilikuwa imefunguka yote, mdomo wazi kama kinda la ndege, na ndani ya bomba palikuwa na upepo mtupu. Tangi lilikuwa limekwisha, maji yake yote yamepita kwenye koki mpaka mferejini. Watu wakashika ndoo kwenda mtoni, na Gaudensi akapanda mlima na ndoo kichwani, yeye ambaye hata misale yake alibebewa. Lakini kila walichomimina kwenye tangi koki ilikipitisha papo hapo, kikaenda kwenye magugu kabla pipa halijapoa. Walikuwa wanamimina mlimani na kusikia maji yakicheka chini. Alijaribu kuziba kwa kitambaa, kwa udongo, kwa mikono. Akalia.

Harufu ilianza kutoka chini ya mlango, kwa adabu kwanza. Akina mama wakavuta khanga puani bila kumtazama.

"Gaudensi," Padre akasema, "tufunge jeneza."

"Bado kidogo, Padre. Yuko karibu."

Wakangoja kidogo. Wakangoja tena kidogo, mpaka haikuwezekana. Misumari ikapigwa, na jeneza likazungushiwa nailoni, mkunjo juu ya mkunjo.

Nolasco aliingia uani na vumbi la safari hata kwenye kope. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa amelikariri neno lake njia nzima. Hakukaa, hakupokea maji. Akaona misumari chini ya nailoni.

"Kaka, nifungulie."

Gaudensi akatazama chini.

"Nilikiletea kigango koki kubwa kuliko zote, Nolasco," akasema. "Kubwa kuliko zote."

Nolasco akapiga magoti, akaweka shavu juu ya ubao, akafungua kinywa. Kilichomtoka hakikuwa neno. Harufu ilimpiga, akatapika mbele ya jeneza la mama yake, mbele ya watu walewale waliomsikia akimtukana. Akajifuta kwa mkono. Wakamzika Bibi Onolina, na Nolasco akashika njia bila kunawa, bila kula cha msiba. Hajarudi, na waliomwona huko aliko wanasema huongea na mbao.

Gaudensi bado yupo. Ukimuuliza, anasema chemchemi ndiyo iliyowaangusha, na watu humwitikia kwa kichwa, kama anavyoitikiwa mfiwa.

Basi ninyi mnaotoa, na mnatoa kweli, na vishindo vyenu tunavisikia: kipimo huwa mmemuuliza nani?