Bangili ya Jethibai

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya sinema tu, mji wetu ulikuwa na siku ya wanawake. Jumapili alasiri mwanamume haingii ukumbini, isipokuwa Makame aliyeendesha mitambo kule juu chumbani kwake. Tulikwenda na bisi, na leso za kufutia machozi. Filamu za Kihindi tulizijua kuliko ndoto zetu: msichana anaimba, mvua inanyesha, tausi anacheza, mwisho watu wanaoana.

Basi alikuwako Jethibai, bibi wa Kihindi aliyeletwa kutoka Kachi, huko India, akiwa mwari, na sasa macho yote mawili yamezima. Mkononi alivaa bangili ya dhahabu ya marehemu mama yake. Siku moja akasema, "Atakayenionyesha kwetu kabla sijafa, bangili hii ni yake." Haya! Kipofu anataka kuonyeshwa kwao, tena ng'ambo ya bahari. Watu wakacheka, huku wanaitupia jicho ile bangili.

Makame hakucheka. Alipopata filamu iliyopigwa huko huko Kachi, ingawa walioipiga ni Wazungu, akampelekea habari. Jethibai akaja. Kulia kwake akakaa Hansa, mke wa mwanawe, mtu asiyejua uongo hata ule wa adabu. Kwa desturi yao, bangili ile yeye ndiye angeirithi. Kushoto akakaa Bi Mize, shoga yake wa ukuta kwa ukuta. India hajapata kuikanyaga, lakini nyimbo zake zote anazo kichwani.

Taa zikazimwa. Loo! Hakuna wimbo. Kichochoro, mfereji mchafu, mtoto kakonda anaokota makaa. Tukangoja aimbe, haimbi. Tukangoja aje tajiri amchukue, haji. "Hii India gani?" mmoja akapiga kelele. "Hao Wazungu hawakuona hata harusi moja?" Bisi zikaruka, watu wakatoka wakisonya. Mimi nilibaki kwa sababu kiatu changu kimoja kilipotelea gizani, msidhani nilikuwa na subira. Meneja akapanda kumwambia Makame azime. Makame akajifungia kwa ndani, mtambo ukaendelea kuzunguka.

"Mnaona nini?" akauliza Jethibai.

Hansa akasema, "Naona mfereji, Ma. Mtoto ana nzi machoni. Mama yake anakoroga maji matupu sufuriani."

Bi Mize akasema, "Mimi naona ua, shoga yangu. Tausi kapanda ukutani. Mama anapika wali, mvuke umejaa ua mzima."

Hansa anasema ukuta umebomoka, Bi Mize anasema ukuta umetambaliwa na asmini. Hansa anasema mtoto anatetemeka, Bi Mize anasema anacheza. Jethibai anageuka kulia, anageuka kushoto, anatabasamu kama mtu aliye nusu usingizini. Mwanga wa ile picha ulitujia na kuondoka, ukumbi mtupu, nami nikasahau nilikuwa natafuta nini. Wallahi nilinusa asmini.

Mwisho mtoto akalala, mama yake akamtikisa, hakuamka.

"Mbona kimya?" akauliza Jethibai.

"Amekufa, Ma," akasema Hansa, na yeye mwenyewe analia.

"Amelala," akasema Bi Mize, akaanza kuimba taratibu, wimbo wa kubembeleza watoto.

Jethibai akacheka. "Mize, mwongo mkubwa wewe! Yule mtoto alikuwa anasema Kikachi. Nimemsikia neno kwa neno akiomba chakula. Na mdogo wangu aliomba hivyo hivyo, mpaka siku aliyonyamaza."

Bi Mize akashika mdomo. "Masikini! Sasa mbona hukunikanya?"

"Nilitaka alale."

Akaivua bangili, akasema, "Apewe aliyenionyesha kwetu." Akaegemeza kichwa kitini. Tukadhani kasinzia. Taa zilipowashwa, alikuwa ameshatutoka.

Baada ya matanga maneno yakaanza. Makame akasema, "Sauti ya yule mtoto aliisikia kwa sababu yangu. Mlango ulipigwa mateke, kazi yangu nikaiweka rehani, sikuzima."

Hansa akasema, "Nilijua nikimuudhi naikosa bangili. Nikamwambia kweli. Aliuliza tunaona nini, na mimi pekee nilimjibu."

Bi Mize akasema, "Njaa hakuhitaji kuonyeshwa, alitoka nayo huko. Maisha yake yote hakuna aliyemlaza yule mtoto ila mimi."

Wakashindwa kuamua, wakanikabidhi mimi niishike. Ndiyo hii, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Na wewe unayetaka kusema wapewe Wazungu, nyamaza kwanza! Ingawa, eti, sauti si wao walioileta?

Haya, ninyi mlioshiba jioni hii, niambieni: je, nimvishe nani?